Mwezekaji Juu ya Darasa la Kwanza

Esteri alirudi kutoka shule siku ya Jumatatu, akatupa kidaftari chake mkekani, akainama uani na kuanza kuokota kokoto. Baba yake, Ildefonsi, alikuwa amekaa kizingitini anasokota kamba za magome. Akamtazama kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa na kazi.

"Unaokota nini?"

"Watu," akasema Esteri.

Alikuwa na miaka saba na wiki sita za shule, na ukitaka kujua mtu mwenye uhakika na mambo duniani, tafuta wa namna hiyo. Akaeleza bila kuinua kichwa. Mwalimu amesema kesho kila mtoto wa darasa la kwanza alete kokoto, moja kwa kila anayelala nyumbani kwao. Mwenyeji kokoto nyeupe, mgeni kokoto nyeusi. Zitapangwa sakafuni ziwe kijiji, kijiji kigawanywe nyumba kumi kumi, na kila nyumba kumi zichague balozi wao. Ndiyo siasa yenyewe. Wakubwa wa darasa la saba wanasoma siasa ya vitabu, wadogo wanasoma siasa ya mawe.

Mkono wa kulia alikwisha kuwa na nne nyeupe: baba, mama, yeye, na mdogo wake Bazilio ambaye alikuwa bado ananyonya lakini analala humo humo kama watu wengine. Mkono wa kushoto alishika moja, nyeusi, laini, kubwa kuliko zote.

"Na hiyo?"

"Bibi."

Ildefonsi akaiweka kamba chini.

"Sisi tuko wanne," akasema.

"Wa tano bibi."

"Bibi hahesabiwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Esteri akafikiri. "Mwalimu amesema mtoto akijibiwa hivyo, aulize tena kwa adabu. Kwa nini, baba?"

Hapo Ildefonsi akajua kwamba nyumba yake imekwisha kuingiliwa.

Wako watu watakaosema huyu baba alikuwa mwoga. Hakuwa mwoga. Alikuwa mtu aliyewahi kuandikwa mara tatu, na mtu aliyeandikwa mara tatu ana haki ya kukitazama kitabu kama wengine wanavyomtazama nyoka.

Mara ya kwanza aliandikwa misheni, akiwa mdogo. Aliambiwa akiandikwa atasoma. Akaandikwa, akapewa jembe, akalima mihogo ya mapadri miaka miwili na nusu, na katikati ya matuta akaokota herufi zote pamoja na hesabu za kujumlisha na kutoa. Kugawanya kulikuwa darasa la tatu. Hakufika, na mwenyewe alisema hakupoteza kitu, maana hajaona mtu aliyetajirika kwa kugawanya.

Mara ya pili alikuja bwana mmoja na lori, anatafuta vijana. "Nawaandika tu majina," alisema yule bwana, kwa sauti ya mtu anayewaonea huruma. Ildefonsi alikuja kushtuka yuko Tanga, ana kipande cha kazi mkononi na panga la kukatia mkonge, manamba kamili. Miaka minne ilipita kabla hajaona tena ukungu wa asubuhi wa milima ya kwao. Alirudi na Kiswahili cha kutosha kugombana na mtu wa kabila lolote, na kovu la mwiba wa mkonge chini ya jicho, ambalo wasichana wa Busunzu aliwaambia ni la chui.

Mara ya tatu ilikuwa ile ya mwaka sabini na nne, operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Kijana mwenye kalamu sikioni alipita migombani akauliza kwa upole kabisa: watu wangapi, mbuzi wangapi. Wiki ya pili watu na mbuzi wote walikuwa kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama meno, na migomba imebaki huko nyuma inazaa kwa faida ya nyani.

Kwa hiyo mtu akimwuliza "mko wangapi", Ildefonsi hakusikia swali. Alisikia lori linanguruma.

Lakini kwenye kazi yake hapakuwa na mjadala. Toka Kasulu mpaka Kibondo, toka Kitahana mpaka mashamba ya Busunzu, ukiona paa la nyasi ambalo mvua ya Machi inapita juu yake kama inateleza kwenye mgongo wa ng'ombe, uliza aliyeezeka. Kama hujawahi kulala chini ya paa la Ildefonsi, hujalala chini ya paa, umelala chini ya majani. Haya ni maneno yake, lakini hata maadui zake walikuwa wakiyasema mvua ikiwanyeshea kitandani.

Na huyo bibi? Huyo ndiye aliyemkosesha usingizi.

Mkewe Ildefonsi, Pelagia, alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto Malagarasi, nje ya mpaka, ameolewa zamani, wakati watu wa pande hizi mbili walivukiana kuoana kama mtu anavyokwenda kwa jirani kuomba moto. Mama yake Pelagia, Nsabimana, alivuka mwaka sabini na mbili, mwaka wa mauaji ya kwao, na chungu kimoja kichwani na hakuna mtu nyuma yake. Aliondoka na wanawe wanne wa kiume. Nini kiliwapata njiani hakusema, na binti yake hakumwuliza.

Serikali iliwapokea vizuri waliovuka. Iliwapa mahindi na mablanketi. Kisha ikaleta malori, iwapeleke mbali, kule Tabora, wakapewe ardhi ya kulima. Ilikuwa nia njema, hakuna aliyekataa. Ila Nsabimana alisema safari alizokwisha kusafiri zinamtosha, na siku ya malori akaingia migombani akakaa chini, akatulia kama kisiki. Malori yakaenda. Toka siku hiyo hakuwa katika kitabu chochote cha duniani. Operesheni ilipokuja akahama na mizigo ya Pelagia, akajengewa kijumba nyuma ya nyumba, na yule kijana wa kalamu hakuandika vijumba.

Sasa ongeza jambo hili. Kwa Waha wa zamani, na Ildefonsi alikuwa wa zamani akitaka, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hawali pamoja, hawapishani mlangoni, hawatamkiani majina. Nsabimana akitaka kupita uani alikohoa mara mbili, naye Ildefonsi, hata kama ana tonge mdomoni, aligeukia ukuta. Miaka yote hiyo alimjua mkwewe kwa kikohozi, kwa alama za nyayo, na kwa maharage yake, ambayo yalikuwa matamu kuliko ya Pelagia lakini hilo hakulisema mahali popote. Sura yake hakuwahi kuiona. Alikuwa anamficha mtu ambaye angepishana naye sokoni Kibondo asimjue.

"Kokoto nne," akamwambia Esteri. "Mwalimu akikuuliza, sema nne."

"Nyeusi niitupe?"

"Itupe."

Esteri akaifumbata akaenda nayo nyuma ya nyumba, kijumbani kwa bibi yake. Baadaye Ildefonsi akasikia sauti zao, ya mtoto juu, ya bibi chini, neno na jibu, neno na jibu. Kila jioni ilikuwa hivyo. Alitega sikio ukutani asiambulie kitu, na akiwasikia wananong'ona namna ile aliona kama wanapanga serikali.

Paa la darasa la kwanza lilikuwa linavuja miezi miwili. Kamati ya kijiji ilikwisha kumwomba Ildefonsi mara tatu, naye mara tatu alisema nyasi bado hazijakauka. Jumanne kabla jua halijapasha, Mwalimu alikuta ngazi imeegemezwa ukutani na mtu juu anang'oa nyasi zilizooza.

Mwalimu mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, Zuleha binti Khatibu, wa Kasulu mjini, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa na babu yake, walisema, alitoka pwani. Alivaa ushungi mweupe na alitamka maneno yote mpaka mwisho, jambo lililowafanya wazazi wengine wahisi wanagombezwa.

"Shikamoo, baba Esteri."

"Marahaba, mwalimu. Fundisha tu. Mimi sipo."

Akafungua tundu kati ya fito mbili, mahali palipomfaa. Toka hapo aliona vichwa thelathini na saba, ubao, na sakafu ambako Mwalimu Zuleha alikuwa amechora barabara kwa chokaa. Mtoto mmoja mmoja akaja kupanga kokoto zake kando ya barabara. Esteri alipofika aliweka nne, taratibu, akatazama mkono wake mtupu, akarudi kukaa. Mwalimu akaandika kitu katika daftari.

Ildefonsi aliona kalamu ile inavyotembea, na mgongo ukamtoka jasho ambalo si la kazi.

Wakati wa mapumziko akateremka.

"Hicho kidaftari unaandika nini, mwalimu?"

"Nani ameleta kokoto ngapi."

"Ili iweje?"

"Ili kesho nisiulize tena."

"Na kikijaa kinapelekwa wapi?"

Zuleha akacheka kidogo. "Baba Esteri, sijapata kuona daftari la shule hii likijaa. Karatasi zake huishia kusokotewa tumbaku."

Ildefonsi, ambaye sigara iliyokuwa sikioni kwake ilionyesha wazi mistari ya bluu na hesabu ya mtoto wa mtu, aliificha kiganjani. Kisha akashika njia nyingine.

"Na Kasulu hakuna watoto wa kufundishwa?"

"Wapo."

"Ukaja huku."

"Nililetwa na serikali."

"Ndiyo hivyo," akasema Ildefonsi. "Ulipelekwa."

Msichana akamtazama mtu huyu, kovu, kamba kiunoni, macho yanayozunguka. Miezi miwili anaombwa haji. Leo anakuja saa za masomo, anatoboa tundu juu ya ubao, anauliza madaftari. "Na wewe," akauliza polepole, "nani amekutuma? Kamati? Au mkaguzi?"

"Mimi? Nimetumwa na mvua."

"Mvua haijanyesha wiki mbili."

Wakaachana hivyo, kila mmoja amemshika mwenzake mkia. Jumatano na Alhamisi Zuleha alifundisha siasa kwa sauti ya kumfikia mtu aliye juu ya paa. Balozi ni nani? Ni kiongozi wa nyumba kumi. Anachaguliwa na nani? Na sisi wenyewe. Mgeni akija? Tunampokea. Halafu? Tunampeleka kwa balozi. Kwa nini? Ili naye awe na mtu wa kumsemea. Watoto waliimba majibu mpaka Ildefonsi alijikuta anagonga nyasi kwa mapigo yao, na akajikemea.

"Umesikia alivyowafundisha?" alimwambia Pelagia jioni. "Mgeni apelekwe. Watoto wa miaka saba. Wanawafuga kama mbwa wa kuwinda."

Pelagia alikuwa anachambua maharage. "Nimesikia wewe umemfundisha mtoto wako kusema uongo mbele ya mwalimu."

"Uongo wa kokoto moja."

"Siku tatu mtoto hali vizuri."

"Akisema kweli, bibi yake anakwenda Tabora kwenye lori. Wewe utamfuata?"

Maharage yaliendelea kuanguka chunguni, moja moja, na Ildefonsi alitamani mkewe angejibu.

Kumbe Mwalimu Zuleha naye hakuwa amelala. Mtu wa paa atapeleka taarifa kwamba siasa hapa inafundishwa kitoto, kwa mawe. Basi heri awahi. Alhamisi jioni alikwenda kwa balozi wa mstari ule, mzee Tharsisi, akamwomba aje darasani kesho, watoto wamwone balozi mwenyewe kwa macho. Yaani kama Ildefonsi angekaa kwake anasokota kamba, balozi asingefika pale. Hilo alikuja kuligundua baadaye, na hakupenda mtu amkumbushe.

Ijumaa akiwa kileleni anafunga safu ya mwisho, alimwona Tharsisi anakuja njiani amevaa viatu. Tharsisi alikuwa na viatu vya misa, na siku ya kazi hakuvivaa bure. Kwapani ana kitabu cha jalada gumu, kile cha kuandikia wenyeji na wageni.

Ildefonsi akalala kifudifudi juu ya nyasi zake, jicho tunduni.

Tharsisi alikaa kwenye kiti cha mwalimu, magoti pamoja. Watoto wakasimama mmoja mmoja mbele ya kokoto zao, kila mmoja aitaje nyumba yake kwa balozi. Mtoto wa Makarius alitaja watu tisa na mbuzi mmoja, akaambiwa mbuzi si raia. Mtoto mwingine alianza kulia, akasamehewa. Kisha zamu ya Esteri.

Esteri alisimama. Hakusema.

"Nyumba yenu ina watu wangapi?" akauliza Zuleha.

Mtoto akatikisa kichwa. Toka juu, Ildefonsi aliona shavu la kushoto la binti yake limevimba.

"Unaumwa jino?"

Akatikisa kichwa tena. Macho yakaanza kujaa maji.

"Fungua kinywa, mwanangu," akasema Tharsisi, ambaye alikuwa na wajukuu kumi na mmoja na alijua vinywa. "Toa kilichomo."

Esteri akaweka kiganja chini ya kidevu. Kokoto nyeusi ikatoka, inang'aa kwa mate.

"Huyu ni bibi," akasema Esteri. "Baba alisema nimtupe. Nikashindwa kumtupa na nikashindwa kumweka."

Zuleha alifunika mdomo kwa ncha ya ushungi. Tharsisi aliitazama kokoto, halafu akamtazama mtoto.

"Bibi yupi?"

"Wa nyuma ya nyumba."

"Mimi simjui," ikasema sauti toka juu.

Vichwa thelathini na saba vikainuka. Tharsisi naye akainua kichwa, bila haraka, na jicho lake likakutana na jicho moja kati ya fito mbili.

"Ildefonsi."

"Naam, balozi."

"Kuna mtu analala uani kwako humjui?"

"Sijapata kumwona uso. Niape kwa msalaba wowote."

Watoto walicheka. Tharsisi hakucheka. "Maliza paa," akasema. "Jioni nakuja."

Alikuja jua likiwa bado juu ya kilima, na hakuja peke yake. Mwalimu Zuleha alimfuata nyuma kwa hatua kumi, anasema amekuja kumsemea mtoto asipigwe. Ildefonsi aliona ni shahidi wa serikali. Akawakalisha wote wawili kwenye benchi bovu.

Hakuwa amempiga mtoto. Alikuwa amemwambia Pelagia amtoe mama yake kwa njia ya mtoni, wakalale kwa ndugu Kitahana. Pelagia alikwenda kijumbani, akarudi, akasema: "Amekataa. Anasuka nywele."

"Anasuka?"

"Anasema anasubiri mgeni."

Tharsisi akafungua kitabu juu ya goti. "Ndugu Ildefonsi, tusizungushane. Mtu huyo ni nani, ametoka wapi, yuko hapa toka lini? Na kuna wengine? Wanaume?"

"Balozi, wewe ni Mha kama mimi. Unaniuliza habari za mkwe?"

Hapo Tharsisi alikaa vibaya kidogo. Zuleha akawatazama mmoja baada ya mwingine, haelewi kwa nini wazee wawili wameona aibu ghafla.

"Mkwe," akasema Tharsisi.

"Sikulitamka jina. Wala sitalitamka. Wala siwezi kumwita aje, wala kumtambulisha, wala kukuonyesha ndiye yupi. Andika hivyo."

"Umenishika pabaya."

"Sikukushika mimi. Tulizaliwa tumeshikwa."

Kikohozi kikasikika nyuma ya nyumba, mara mbili. Ildefonsi akasimama wima na kugeukia ukuta wa nyumba yake, pua karibu na udongo. Hata leo hakusahau. Tharsisi naye, ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale, alivuta miguu yake yenye viatu chini ya benchi.

Nsabimana alitoka akiwa amevaa kitenge kisafi, nywele zimesukwa, Esteri amemshika mkono. Aliketi mkekani. Kiswahili hakuwa anakijua, watu wote wa nyumba ile walijua hivyo. Alifungua kinywa akasema kwa sauti ya kukariri, akiinua ncha ya kila neno kama darasa la kwanza linavyofanya:

"Jina langu ni Nsabimana. Mimi ni mgeni. Balozi wetu ni ndugu Tharsisi. Balozi anachaguliwa na sisi wenyewe. Mgeni akija, apelekwe kwa balozi, ili naye awe na mtu wa kumsemea."

Zuleha, kwenye ncha ya benchi, midomo yake ilikuwa imesogea naye neno kwa neno. Ildefonsi alisikia yote akitazama ufa mmoja ukutani. Neno na jibu, neno na jibu: kumbe huo ndio mpango waliokuwa wakipanga kule nyuma.

"Umefika lini, mama?" akauliza Tharsisi.

Hilo ndilo swali lililokuwa na lori ndani yake. Pelagia aliinama. Kama mama yake angesema mwaka sabini na mbili, basi mkwewe ameficha mtu miaka minne, na yeye mwenyewe alikwepa malori. Kama angesema jana, mtoto yuko pale anasikia.

Nsabimana akaacha Kiswahili, akasema kwa lugha ya kwao, ambayo Tharsisi aliielewa yote. "Nilifika mwaka ule wa watu wengi. Malori yalipokuja nilikaa migombani. Sikuja kwa mkwe wangu, nilikuja kwa binti yangu. Mkwe wangu hajaniona hata siku moja. Nilikuwa na watoto watano, huyu ndiye aliyebaki. Ukiniandika, niandike alipo."

Kalamu ya Tharsisi ilikaa hewani muda mrefu.

"Ildefonsi," akasema mwisho. "Umemwona mama huyu?"

"Sijamwona."

"Toka lini hujamwona?"

"Toka nioe."

"Basi nitaandika kama ilivyo. Mgeni wa Pelagia. Mwenye nyumba hakumwona." Aliandika kwa herufi kubwa, akizitamka. "Amri ya kukaa au kuondoka si yangu. Itatoka Kibondo. Mimi nitapeleka barua kwa katibu kata, na barua inataka mdhamini. Mtu wa kusema: akikosa, mniulize mimi. Akihamishwa, na mimi nijulishwe. Nani?"

Ndiyo mara ya nne, Ildefonsi alifikiri. Hii ya nne hata hawakumdanganya. Wamemwambia kila kitu na bado wanamwomba jina.

"Lete kitabu," akauambia ukuta.

"Dole gumba linatosha. Mwalimu ana wino."

"Dole gumba ni la watu wasiosoma." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Tharsisi akaja akampa kalamu, akamshikia kitabu ukutani mbele ya uso wake, na Ildefonsi akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, huku udongo ukimwangukia kwenye karatasi. Alipomaliza akalisoma tena kuhakikisha hapakuwa na neno jingine lililoandikwa juu au chini yake. Akasoma na ukurasa wa nyuma.

"Hiyo ni nyumba ya Makarius," akasema Tharsisi.

"Naangalia tu."

Wiki tatu zilipita. Ildefonsi hakuezeka nyumba ya mtu. Kila gari lililonguruma bondeni alisimama, na Pelagia naye alisimama, hawatazamani. Mwalimu Zuleha alimtumia kwa mkono wa Esteri daftari jipya lisilo na maandishi, la kusokotea tumbaku. Ildefonsi akalikagua kurasa zote akitafuta sababu.

Barua ilifika kwa mkono wa Tharsisi, siku ya kazi, bila viatu. Aruhusiwe kukaa kwa binti yake, aripoti kwa balozi wake kila mwezi. Muhuri. Ildefonsi aliisoma mara tatu, akaiinua juani aone kama kuna maneno ndani ya karatasi.

"Mbona rahisi hivi?" akauliza.

"Sasa nikutafutie ngumu?" akasema Tharsisi.

"Nani kaandika? Mfupi au mrefu? Alikuwa anacheka?"

Tharsisi alimwachia barua akaenda zake.

Kuanzia siku hiyo Nsabimana alitoka. Miaka minne alikuwa mtu wa nyuma ya nyumba. Sasa alikwenda kisimani, alikwenda misa, alikwenda kwa balozi na Esteri kila mwanzo wa mwezi, alisimama njiani kuuliza watu habari za watoto wao kwa Kiswahili kile kile cha darasa la kwanza. Alikuwa na haki ya kupita kijiji chote, na aliitumia yote. Mtu pekee ambaye hakuwa na mahali pa kupita alikuwa mwezekaji hodari kuliko wote toka Kasulu mpaka Kibondo. Njia ya kisimani ilikuwa moja, iliyonyooka, ya operesheni, haina kona ya kumficha mtu.

Jumamosi moja asubuhi anatoka Kitahana, fito begani, akasikia mbele yake kikohozi, mara mbili. Makarius, aliyekuwa anapalilia kando ya njia, aliona mihogo yake inafunguka na mtu mzima anaingia na fito zote, anachuchumaa.

"Mwakeye, Ildefonsi. Unatafuta nini humo?"

"Nyasi," akasema Ildefonsi, uso chini. "Amepita?"

"Nani?"

"Kama humwoni, nyamaza."

"Namwona. Amesimama anaongea na mke wangu. Wamekaa chini sasa. Naona ameletewa uji."

Ildefonsi akazisogeza fito begani. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini na ya mtu ambaye hataki ionekane kwamba ameuliza:

"Yukoje usoni?"

Makarius akaegemea jembe. "Kwani hukuandikwa mdhamini wake?"

"Jibu swali."

"Amefanana na Esteri," akasema Makarius, akaendelea kupalilia.